Kitabu cha Dunguni

Misigiri, Iramba
9 Februari 2025

Kwako binti yangu Asnath,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Nasi tunaamini huko Dodoma u mzima, unakula vizuri na unalala. Hapana, la kulala nitalisema chini.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu unaijua. Tangu idumbukie kwenye ndoo ya maji, sauti imekwama juu kabisa. Kila unachoniambia kinafika kwa Martina ng'ambo ya shamba, naye hukujibu kabla yangu. Mambo ya elimu si ya kupigiwa kelele. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi pamoja na furushi lako: karanga, unga wa mtama na chupa ya mafuta ya alizeti. Mwambie mwenzako wa chumbani, Winfrida, kwamba mafuta hayo ni ya kupikia, asiyapake nywele.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita paa la chumba chako lilivuja, nikaingia kuhamisha alizeti. Mvunguni nikakuta gunia. Nikadhani ni mbegu. Kulifungua, vitabu vya hadithi! Vingine havina jalada, vingine panya wameonja. Nikakaa kitandani kwako nikawaza: kumbe ile taa iliyokuwa ikiwaka hadi usiku, nami najisifu kanisani kwamba binti yangu anasoma, kumbe ulikuwa unasoma mapenzi ya watu?

Yaliyopita si ndwele. Lakini jana nilikuwa kwa Mwalimu Mazengo. Calist wake mnasoma naye famasi hiyohiyo, na mwaka jana alipewa cheti cha mwanafunzi bora. Nikamwuliza, mwenzangu, huyu kijana unamlisha nini? Akanitajia ratiba yake, nikaikariri njia nzima nisiisahau. Calist anaamka saa tisa usiku. Anatia miguu kwenye ndoo ya maji baridi ili usingizi usimrudie, anasoma mpaka kunakucha. Jioni hapigi soga. Kitabu cha hadithi hakijui hata kwa sura. Ukiona vyaelea, mwanangu, vimeundwa. Ndoo unayo. Fanya hivyo, na hadithi uachane nazo kabisa.

Halafu hukuniambia: mwaka wa kwanza ulitoka wa ngapi?

Ni mimi baba yako,
Zefania


Dodoma
23 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Mama naye shikamoo, na goti lake nalipa pole. Mimi ni mzima. Furushi limefika na karanga zimeshaisha, Winfrida anawashukuru.

Barua yako niliipokea nikiwa na kitabu cha hadithi chini ya mto. Nimeona aibu sana. Nilikuwa nasoma kurasa chache kila jioni kabla ya kulala, kichwa kinapoa, basi. Lakini ni kweli, kila nikikifungua namwona mama anapalilia na goti lile, naona kama namwibia. Nikikifunga nachukua daftari, na daftari nalo haliniingii, kwa sababu nawaza kwamba saa hiyohiyo Calist yuko mbele yangu kurasa nyingi. Kwa hiyo kitabu nimempa Winfrida akifiche. Nimemwambia asinirudishie hata nikimlilia.

Hapa chuoni hawatangazi nani wa ngapi, baba. Kila mtu anaona alama zake. Ila tunajuana. Calist akiulizwa swali darasani anajibu huku anatafuna kalamu. Mimi jibu lilelile linanijia tukiwa tumeshatoka, niko kwenye foleni ya chakula. Mwaka wa kwanza nilikuwa wa katikati. Najua hukunituma huku niwe wa katikati, na nyumba mmeacha kuiezeka upya kwa ajili yangu.

Mitihani ya muhula inaanza wiki ijayo. Ndoo nimeiweka chini ya meza. Maji ya Dodoma usiku ni baridi kuliko nilivyodhani.

Binti yako,
Asnath


Misigiri
30 Machi 2025

Asnath mwanangu,

Hujambo? Mitihani ilikwendaje? Huku tu wazima, goti limepata nafuu. Mvua imetosha, mtama unajaza punje, na kwa hiyo wale ndege, kweleakwelea, nao wameshapata habari.

Nimehamia dunguni, kile kichanja cha kulindia ndege. Najua unalikumbuka, lakini safari hii nimelijenga juu zaidi, naona bonde zima: dungu la Martina mbele yangu, la Gasto kule kwenye miiba. Alfajiri niko juu, na alasiri niko juu. Sheria yetu haijabadilika: mlinzi mmoja akisinzia, ndege wanatua kwake, wakishashiba ujasiri wanaingia kwa jirani, na hapo hata upige debe mpaka litoboke hawaondoki. Ndiyo maana mtu haachi dungu lake hata mgeni akija.

Kazi hii ina upweke. Unavuta kamba makopo yanalia, unarusha udongo kwa kombeo, halafu unangoja. Basi nikasema nichukue kitabu kimoja kwenye gunia lako, nipeleleze ni kitu gani kilikuwa kinamharibia binti yangu akili. Si kwamba nasoma. Ni upelelezi. Nimechukua kile kisicho na jalada, cha huyu mwanamke Siwema, fundi cherehani.

Yule mumewe, Ridhiwani, ana mdomo! Kila ugali wa Siwema anaupima na ugali wa marehemu mke wake wa kwanza. Marehemu angeweka chumvi kidogo. Marehemu angeamka mapema. Mtu mzima gani huyo? Jana nilimtukana kwa sauti, Martina akaniuliza kutoka dungu lake, "Unasema na mimi?"

Sasa nimefika pale Siwema amesimama stesheni na furushi lake, treni inaingia, Ridhiwani anakuja mbio bila viatu. Nafungua ukurasa unaofuata, haupo! Kurasa zimekatika. Je, alipanda treni au alirudi? Nauliza kwa ajili ya upelelezi tu.

Matokeo yakitoka niambie umekuwa wa ngapi.

Baba yako,
Zefania


Dodoma
20 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Wasalimie mama na Martina.

Masomo yanakwenda vizuri. Matokeo bado hayajatoka. Ratiba naifuata na nimeiongeza kidogo, naamka saa nane.

Kurasa za mwisho za Siwema zilichomoka tulipokuwa tunaazimana Kinampanda shuleni. Mwisho wake naukumbuka, lakini baba, nisamehe, sina nafasi ya kuandika mambo ya hadithi. Samahani pia kwa mwandiko, kuna mahali nimesinzia.

Binti yako,
Asnath


Misigiri
4 Mei 2025

Asnath mwanangu,

Hujambo? Mama yako hajambo. Mimi sijui nijiitaje. Barua hii usimsomee Winfrida, wala usiitaje kwenye simu.

Alhamisi alasiri nilikuwa dunguni. Kamba ya makopo nimeifunga mguuni kama siku zote, nikitikisa mguu shamba zima linalia. Kombeo liko kando. Kitabu kiko mkononi kwa mara ya pili, maana nilisema labda mara ya kwanza kuna mahali niliruka, na mwisho umejificha humo. Nikafika pale Siwema anafunga furushi, na Ridhiwani, badala ya kumzuia, anamweleza jinsi marehemu alivyokuwa akikunja nguo. Mwanangu, nikasahau kwamba nina mguu.

Kweleakwelea wakija wanavuma, hata mtoto mchanga anashtuka. Mimi sikusikia. Nilichosikia ni yowe la Martina. Nikainua macho, mtama wangu unatembea, shamba zima limefunikwa. Nilipopiga kelele walikuwa wameshahamia kwake. Alipiga debe, alirusha udongo, alikimbia katikati yao akilia, wapi. Walipoinuka, shamba lake la juu lilikuwa vikonyo vitupu. Kimebaki kile kipande cha bondeni alichochelewa kupanda, ambacho bado kichanga. Mjane yule, Asnath. Ule ndio ulikuwa ugali wake mpaka mwakani.

Watu walikuja mbio, nikatia kitabu ndani ya shati. Mama yako akauliza, "Baba Asnath, umepatwa na nini?" Na mimi, mzee wa kanisa, ninayekusanya sadaka kila Jumapili, nikasema, "Kizunguzungu."

Tangu siku hiyo sina raha. Wananiletea uji. Mchungaji amekuja kukiombea kizunguzungu kiondoke, nami nikaitikia amina. Martina mwenyewe, niliyemlishia ndege mtama wake, alikuja na kuku. Akasema, "Kula upate damu, baba Asnath. Mtama hupandwa tena, mtu hapandwi." Kuku yule nimemla. Mama yako alisimama pale mpaka nikamaliza, na kila mnofu ulipita kooni kama kibunzi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mimi ndiye niliyekuhukumu kwa hadithi. Nikisema ukweli, nitaangaliaje watu kanisani? Nikinyamaza, ule uji utaniua. Nakuambia wewe kwa kuwa gunia ni lako, na kwa kuwa sijui mwingine atakayeelewa mtu anavyoweza kusahau mguu wake.

Matokeo je? Umekuwa wa ngapi?

Baba yako,
Zefania


Misigiri
25 Mei 2025

Asnath,

Salamu. Barua yangu uliipata? Kondakta anasema alikukabidhi mkononi pale stendi, tena akasema ulikuwa na begi. Begi la nini? Tukipiga simu unasema "niko salama" unakata. Mama yako amekuota mara mbili. Kama umenikasirikia kwa habari ya Martina, una haki, lakini kasirika kwa maandishi.

Baba yako


Dodoma
1 Juni 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mama shikamoo. Niko salama, na safari hii ni kweli.

Nilikudanganya. Siku ile naandika kwamba matokeo hayajatoka, yalikuwa yametoka siku nyingi. Nimeanguka masomo mawili. Kwa lugha ya hapa nina sapu, yaani nitarudia mitihani hiyo Septemba, na nikianguka tena natoka chuoni. Nilishindwa kukuandikia. Kila nikianza naliona lile swali lako la mwisho linanisubiri chini ya karatasi.

Nikadhani dawa ni kuongeza ratiba. Saa nane usiku miguu kwenye ndoo, kifua kinabana, macho yanasoma mstari mmoja mara kumi. Mwishoni mwa Aprili nilisinzia nimesimama maabara, nikaanguka na trei ya chupa. Nikalazwa zahanati ya chuo. Ni uchovu na kikohozi tu, nimepona, usimtishe mama.

Calist alikuja kuniona, akaniletea soda. Nikamwuliza kuhusu ndoo. Akanishangaa. Akasema, "Ndoo yangu ina nguo chafu tangu Januari." Baba, Calist analala saa nne usiku mpaka asubuhi. Jioni anacheza drafti nje ya bweni, anapiga kelele kuliko wote. Ile ratiba ni ya kutungwa, baba yake humpa kila anayeuliza. Calist ni mwepesi tu, kama wengine walivyozaliwa na sauti nzuri. Nilimchukia siku mbili, halafu nikakosa sababu. Nimekuwa nikimfukuza mtu ambaye hata hakimbii.

Nilipotoka zahanati nilifunga begi. Nilitaka kurudi nyumbani nilime, niseme chuo kimenishinda, mniambie mtakalo. Nilikuwa stendi nasubiri basi lirudi upande wenu, kondakta akashuka akanipa barua yako ya kuku. Nikaisomea palepale kwenye benchi. Nilicheka mpaka mama anayeuza mayai akaja kuniuliza kama nina ndugu wa karibu. Halafu nikalia. Nilikuwa naogopa kuonwa na wewe, baba, na kumbe wewe nawe ulikuwa umekaa Misigiri unaogopa kuonwa na watu wa uji. Basi liliondoka, nikabaki na begi langu.

Nilirudi chumbani. Winfrida akatoa kile kitabu kwenye masanduku yake akaniwekea mezani. Siku hizi nasoma masomo mpaka saa tatu, nafunga daftari, nasoma hadithi kurasa chache, nalala. Bado roho inanisuta, kama mtu anayekula mchana siku ya kufunga. Lakini asubuhi nilichosoma jana bado kipo kichwani. Zamani kilikuwa hakipo.

Nisamehe kwa uongo, na kwa Martina pia, maana kitabu ni changu. Naomba umwambie ukweli. Na kuhusu Ridhiwani, ambaye ulimkasirikia sana, naomba kwa heshima urudie zile kurasa za ugali, polepole.

Binti yako,
Asnath


Misigiri
22 Juni 2025

Mwanangu Asnath,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, ila mimi nimechelewa kujibu kwa sababu kwanza nilikasirika. Nikufiche nini? Niliposoma "nimeanguka" niliikunja barua nikaitia mfukoni, nikaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika. Nilikuwa nautukana mti badala yako. Jioni nikapanda dunguni, nikarudia zile kurasa za ugali kama ulivyosema.

Nyani haoni kundule. Marehemu angeweka chumvi kidogo. Calist anaamka saa tisa. Ni mdomo uleule. Nilijiona pale kwenye karatasi, tena kabla ya hapo nilikuwa nimeshamtukana huyo mtu mbele ya Martina. Nimekutesa kwa ndoo, mwanangu. Binti yangu anaanguka na chupa, mimi huku nauliza wa ngapi. Nisamehe. Sikujua, lakini ningeuliza jinsi unavyolala ningejua.

Nilikwenda kwa Mazengo nikiwa na maneno mengi. Nikamwuliza, ndoo iko wapi? Akachezea fimbo yake. Halafu akasema, "Zefania, yule mtoto alizaliwa na akili zake. Mimi sikumfundisha hata kidogo. Nilitaka nionekane nilichangia kitu." Tukanywa chai.

Jumapili baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika, nikasimama. Nikasema sikuwa na kizunguzungu, nilikuwa nasoma kitabu cha hadithi. Gasto akaanza kucheka, mkewe akamfinya. Mama yako alitazama chini, na hilo liliniuma kuliko yote. Martina hakucheka. Akauliza, "Kuku wangu ulimla?"

"Nilimla."

"Mzima?"

"Nilibakiza kichwa."

Nikamwambia mtama wangu ulionusurika auchukue. Akasema atachukua nusu, maana mama yako hakusoma kitabu chochote. Halafu akatoa hukumu: nitakaa dungu lake la bondeni mpaka avune kile kipande kilichobaki. "Na hicho kitabu uje nacho," akasema. "Utasoma kwa sauti. Nikiwa napalilia kunde zangu nakusikia, najua uko macho. Ukinyamaza, najua umezama, nakuja na fimbo."

Basi ndiyo kazi yangu. Nasoma kwa sauti ya besi, ile ya kwaya. Ndege hawaipendi kabisa, hata makopo siku hizi nayasahau. Siku ya kwanza Martina alikuwa mbali, kesho yake amesogea, siku ya tatu jembe amelilaza. Gasto anapaza sauti kutoka kwenye miiba, "Rudia hapo!" Mama yako anakuja na uji, anasema amekuja kwa ajili ya uji.

Ijumaa tukafika stesheni. Treni inaingia, Ridhiwani bila viatu, nikanyamaza. Martina akaja na fimbo kweli. Nikamwonyesha pale zilipokatika. Kelele iliyopigwa, mwanangu, kwelea wa Iramba nzima walihama. Ng'ombe mzima tumemla umebaki mkia! Wote wakasema nikuandikie utuletee mwisho haraka. Ila Martina akasema hapana, yule mtoto ana mtihani wake, asisumbuliwe, tutasubiri naye. Kwa hiyo tunasubiri.

Soma, na jioni ufunge daftari. Kuna swali nilizoea kulimalizia barua. Nimeliandika hapa, nimelikata. Ukiona wino umetapakaa chini, ndilo hilo.

Baba yako,
Zefania


Dodoma
28 Septemba 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama shikamoo, na Martina, na Gasto. Mimi ni mzima wa kweli. Asante kwa kunivumilia kimya changu cha mafunzo ya kazi na mtihani. Karatasi yako ya Juni niliibandika ukutani upande ule wa wino uliotapakaa. Usiku kabla ya mtihani nilifunga daftari saa tatu nikachukua hadithi. Nilisoma kurasa mbili nikalala.

Sasa mkia wa ng'ombe. Kitabu kingine kama kile nimekitafuta Dodoma nzima sikukipata, kwa hiyo naandika ninavyokumbuka. Uwasomee kwa sauti.

Siwema alipanda treni. Ridhiwani alibaki amesimama, miguu imechubuka. Mwaka ukapita. Siwema alishonea watu nguo mji wa mbali, hakuna aliyempima na mtu, na polepole akaanza kuimba akiwa kazini. Siku moja akatamani tu kuona nyumba yake, akarudi, cherehani kichwani. Alikuwa ameandaa majibu njia nzima, ya kila swali: ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, umefanikiwa nini. Akabisha hodi. Ridhiwani akafungua. Nyuma yake kulikuwa na sufuria jikoni, ugali ameusonga mwenyewe, umeungua upande. Akapokea cherehani kutoka kichwani mwa Siwema. Akasema, "Pole na safari."

Hapo ndipo kinapoishia, baba. Hakuna kingine.

Binti yako,
Asnath

(Nyuma ya karatasi: Nimefaulu yote mawili. Alama za kawaida tu. Chuo kimefungwa, nakuja Jumamosi ya tarehe 11, basi la mchana.)


Misigiri
5 Oktoba 2025

Asnath mwanangu,

Hujambo? Hapa wote wazima. Naandika haraka ili kondakta akufikishie kabla hujapanda basi.

Barua yako tuliisomea uani kwetu, maana madungu tumeshayabomoa. Martina alikuja na kigoda chake, Gasto na mkewe, hata Mazengo alijileta, akasema anapita tu. Nikasoma kwa besi. Nilipofika kwenye ule ugali ulioungua, sauti ikaniacha. Nikasimama kidogo, Martina hakunitishia fimbo. Nikamalizia. Gasto akasema yule mwanaume ana bahati. Martina akasema si bahati, ni mwaka mzima wa kula ugali wake mwenyewe. Wakabishana mpaka giza likaingia, kila mmoja akaondoka anamtetea mtu wake.

Nimekunja barua, nakwenda kulala, ndipo mama yako akauliza, "Na mtihani?"

Mwanangu, nilikuwa nimesahau. Toka barua ifike mchana sikuwa nimeuliza. Yeye ndiye aliyegeuza karatasi, akasogeza taa, akasoma. Alipiga kigelegele kimoja tu, akajiziba mdomo asiamshe jirani. Halafu akaniuliza, "Alama za kawaida ndiyo wa ngapi?" Nikamwambia swali hilo kwetu limekatwa.

Nimekaa na karatasi hii nikiitafuta ile hatia yangu ya kusahau kuuliza. Nyingine zote ninazo, ya ndoo ninayo, ya kuku ninayo, mtama wa Martina nitaubeba mpaka nimlimie msimu ujao. Hii moja siioni.

Jumamosi nitakuwa Misigiri pale basi linaposimama. Begi nitalipokea mimi. Usije na majibu yoyote, kwa maana nimejiandaa neno moja tu, lile la Ridhiwani mlangoni, nalo unalijua.

Baba yako,
Zefania